Kama Upinde wa Mama Véronique Uvishwe Ngozi

Wiki ya tatu sasa sina mahali pa kwenda asubuhi. Mke wangu amenikataza kugusa tena mlango wa kabati lake, ambao anasema ulikuwa mzima mpaka nilipoutengeneza. Ameniwekea daftari mezani, niandike, niziache mbao za nyumba yake zipumzike. Basi nawaandikia ninyi mliobaki atelye pale Kamalondo, karakana yetu, maana kila tulipokunywa chai mliniuliza habari ya ule upinde, na kila mara mteja aliingia kabla sijafika mwisho. Nitaandika Kiswahili cha shule kadiri mapadri walivyonifunza. Watu wengine nitawaacha waseme kama walivyosema.

Habari za vyeo sitaziandika. Atelye yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, anayeshika randa na anayefagia maranda, na siku nyingi mtu mmoja alikuwa navyo vyote viwili.

Niliingia kwa Muzee Ramazani nikiwa kijana aliyekosa nafasi kwenye reli, ambako baba yangu na babu yangu walifanya kazi. Ramazani alikuwa mtu wa asili ya Maniema, Mwislamu wa sala tano, fundi wa viti na ngoma. Siku ya kwanza alinipa patasi butu na jiwe la kunolea, akaondoka. Alirudi adhuhuri, akaipitisha patasi juu ya mkono wake wa kushoto, akatazama kama nywele zimekatika. Hazikukatika. Akanirudishia. Siku ya tatu zilikatika kidogo. Mwisho wa wiki mkono wake haukuwa na unywele, laini kama yai, na mimi nilikuwa nimeshapata kazi.

Ramazani hakupenda mita ya chuma. Alipima kwa shibiri na kwa jicho, na kipimo kikikosewa alisema mteja ndiye aliyenenepa. Alichokipenda kuliko vyote ni ngozi mbichi ya mbuzi: unailoweka, unaivuta, inakauka mpaka ukiigonga inalia. Kiti kikilegea, alikifunga kwa ngozi. Mpini wa nyundo ukipasuka, ngozi. Nyumbani kwake hata bawaba za mlango zilikuwa za ngozi, na mkewe aliniambia kwamba mvua ikinyesha sebule inanuka kama zizi. Lakini mlango haukuwahi kuanguka, lazima niseme hivyo.

Miaka ikapita nami nikawa fundi kamili, mwenye makosa yake mwenyewe. Kosa langu kubwa la wakati ule lilikuwa kibanda cha kuungamia nilichotengeneza kwa parokia moja. Mlango wake ulilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwenye mlango mwingine. Waumini wote waliokuwa kanisani walijua nani ameingia na amekaa kwa muda gani. Niliupaka mafuta, nikaupaka sabuni, nikausugua kwa mshumaa. Mwishowe padri akasema tuuache, kwa sababu tangu mlango uanze kulia watu wanaungama kwa kifupi.

Sasa nafika kwenye upinde.

Ilikuwa miaka michache kabla sijaacha kazi, asubuhi moja ya kiangazi. Ramazani alikuwa ameshazeeka na kuniachia atelye. Mama Véronique aliingia, na harufu yake ikiwa imemtangulia hatua kumi. Huyu mama ana depo, yaani ghala, ya samaki wakavu wanaotoka Pweto. Ni mfupi, mpana wa mabega, na hajui kusema kwa sauti ya chini kwa sababu amezoea kusemezana na madereva wa malori injini zikinguruma.

"Papa Anselme," akasema, "minatafuta upinde."

"Upinde ya nini, mama?"

"Ya kupiga mushale."

Akaketi juu ya mbao zangu nzuri, akanieleza. Watu wa kaskazini waishio hapa mjini wana chama chao, na kila mwaka baada ya misa wanafanya karamu. Rais wa chama ndiye anayeifungua. Anasimama mbele ya watu wote, anapiga mshale kwenye shina la mgomba lililosimikwa hatua thelathini, na mshale ukifika ndipo sufuria zinafunuliwa. Usipofika hakuna anayekula. Rais wa zamani alikuwa amefariki, na upinde wake mchwa waliumaliza ukiwa stoo. Katika uchaguzi, wanaume wawili waligawana kura za wanaume, na Mama Véronique akapita katikati yao.

Mmoja wa hao wawili alikuwa Papa Donatien, kontrolere, yaani mkaguzi wa tiketi wa reli aliyestaafu, ambaye alibaki kuwa katibu wa chama. Alizisoma kanuni mara mbili akitafuta mahali palipoandikwa kwamba mwanamke haruhusiwi. Hakupaona, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu aliwatangazia watu kwamba hakupaona. Lakini alikumbuka jambo lingine: rais ambaye upinde wake utavunjika mbele ya watu, atampisha mwingine. Hilo halikuwa katika kanuni. Lilikuwa katika kitabu cha mikutano ya zamani, na kitabu hicho nacho kililiwa na mchwa wale wale. Papa Donatien alisema anakumbuka, na hakuna aliyeweza kusimama na kusema anakumbuka kwamba halikuwemo.

"Njo maana," Mama Véronique akasema, "upinde yangu haiweze kuvunjika. Haiweze hata kulia."

"Mama, miye natengenezaka biti na milango."

"Kiti iko na miguu ine. Upinde haina hata moya. Kazi imepunguka."

Nikampima urefu wa mkono, na fundi aliyeshapima huwa ameshakubali kazi.

Nilinunua mti mkavu kwa mchuuzi mmoja ambaye aliuita kwa jina moja na mkewe akauita kwa jina lingine. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana. Ulikuwa mti mzuri, mwekundu, wenye nyuzi ndefu. Ninyi mnajua mbao, kwa hiyo nitaeleza haraka. Upinde una tumbo na una mgongo. Tumbo linamtazama anayevuta, na upinde ukiinama linabanwa. Mgongo unatazama mbele, nao unanyooshwa. Nyuzi za mgongoni lazima ziende kutoka ncha hadi ncha bila kukatwa. Zikikatwa mahali, hapo ndipo mti utakapoinuka kibanzi na kufunguka.

Niliuchonga, kisha nikaanza kuufundisha kuinama. Unautundika upinde kwenye kigingi ukutani, unafunga kamba, unaning'iniza ndoo ya mchanga, unarudi nyuma na kutazama ni mkono upi wa upinde ulio mgumu. Unakwangua kidogo pale penye ugumu. Unaongeza mchanga. Unatazama tena. Ni kazi ya kukwangua kidogo na kujuta sana.

Siku ya nne nikaona kosa. Juu kidogo ya mahali pa kushika, mgongoni, mti ulikuwa na kinundu. Upinde unataka kinundu kiachwe, nyuzi zikizunguke zinavyotaka. Mimi nilikuwa fundi wa meza kwa miaka mingi, na meza lazima iwe laini, kwa hiyo mkono wangu ulipitisha randa pale bila kuniuliza. Nyuzi zilikatwa kwa urefu wa kidole kimoja. Nilipapasa kwa ukucha, kibanzi kikainuka kidogo, kikarudi.

Nikafanya ambacho fundi yeyote mwenye uzoefu angefanya. Niliugeuzia upinde ukutani, nikaenda kunywa chai.

Kuanza upya hakukuwezekana, kwa sababu karamu ilikuwa imebakiza wiki tatu na sikuwa na mti mwingine uliokauka. Zilibaki njia mbili: kuuacha mti mtupu na kutumaini, au kuuvisha mgongo ngozi ili nyuzi zilizokatwa zishikiliwe. Nikaona nitafute ushauri.

Muzee Ramazani alikuwa akiishi mitaa miwili kutoka atelye. Nilimkuta uani kwake, nikamwekea upinde mapajani.

"Muvike ngozi," akasema.

"Muzee, haujauangalia."

Akauangalia. Akapitisha kidole gumba mgongoni, akafika pale, akasimama, akanitazama kwa jicho lile lile la siku za patasi.

"Muvike ngozi mbili," akasema.

Sikuridhika, maana mtu huyu angeivisha ngozi hata chupa. Na kesho yake Papa Donatien mwenyewe alikuja atelye, kama katibu, kukagua. Ni mtu mrefu, mwembamba, anayetembea na koti hata jua likiwaka. Aliuinua upinde kwenye mwanga kama tiketi anayoitilia shaka. Nilikuwa nimeshatoa ngozi ya mbuzi na kuitundika msumarini, akaiona.

"Hii ya nini, Papa Anselme?"

"Ya mugongo. Nilikuwa nawaza."

"Upinde ya bankambo betu, ba babu ba zamani, ilikuwa muti mutupu. Ukiivika ngozi, iko sawa mutu mwenye bandeji. Bantu bakiona bandeji, banauliza kidonda iko wapi."

Nilikasirika, kwa sababu kidonda kilikuwepo na kidole chake kilikuwa karibu nacho.

"Na ngozi iko nzito," akaongeza. "Upinde inakuwa pole. Mushale hautafika. Hatua makumi tatu, Papa Anselme. Ule mama ataacha bantu na njala."

Nilipenda kumwambia kwamba hajui lolote, ila alikuwa anasema kweli. Ngozi inauongezea upinde uzito bila kuuongezea nguvu. Mshale unaondoka kwa uvivu.

Siku mbili nilizunguka nao ndani ya atelye. Lakini kilichonisumbua zaidi hakikuwa ngozi wala uzito. Nikiuacha mtupu na ukivunjika, watu watasema mti ulikuwa mbaya, na hakuna atakayejua kwamba niliukata mimi. Nikiuvisha ngozi, Mama Véronique ataniuliza kwa nini, na itabidi nijibu. Nilikuwa na mvi kichwa kizima na bado nilikuwa naogopa kukaripiwa na mteja. Naliandika hili ili mjue kwamba hofu hiyo haiishi, msiisubiri iishe.

Siku ya tatu nikauchukua upinde, nikaenda depo. Mama Véronique alikuwa amesimama juu ya gunia akihesabu magunia mengine. Nikamwambia yote, nikamwonyesha pale kwa kidole.

Hakunikaripia. Akashuka kutoka kwenye gunia.

"Ikivunjika, kipande inaenda wapi?"

"Inarudia mwenye kuvuta."

"Kwa miye."

"Kwa weye, mama."

"Fashi gani?"

"Ku uso, pengine. Pengine ku mukono."

"Na nikivika ngozi?"

"Haitakurudilia. Ila mushale utaenda pole."

"Pole namna gani?"

Nikafikiri. "Sawa mutu mwenye kuenda kwa dentiste kungolewa jino."

Wafanyakazi wake walikuwa wameacha kubeba, wanasikiliza.

"Yule wa dentiste," akasema, "anaendaka pole, lakini anafikaka. Mwenye kibanzi mu jicho hafike hata fashi moya. Vika ngozi. Na Donatien akiuliza kidonda iko wapi, umwambie iko mu roho yake."

Ramazani alikataza gundi ya chupa. Alisema ngozi mbichi inataka gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na vibofu vya samaki, na kwa bahati mbaya mteja wangu alikuwa navyo kwa gunia. Niliziweka kwenye sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, nje ya atelye, moto mdogo, tangu asubuhi. Saa nne fundi cherehani wa jirani alifunga madirisha. Saa sita alifunga mlango. Saa nane alituma mtu kuniuliza kama kuna msiba. Paka wa Kamalondo nzima walikusanyika ukutani, wametulia.

Nilipokuwa nawafukuza paka, mbwa wa fundi cherehani aliingia kwa nyuma akachukua ngozi kutoka msumarini. Nilimkuta amelala kivulini anaitafuna kwa utaratibu, kama mtu aliyekabidhiwa kazi. Nikaona haki imetendeka, nikanunua ngozi nyingine.

Hii ya pili niliikwangua mpaka ikawa nyembamba kuliko Ramazani alivyotaka, kwa ajili ya uzito. Nilipaka gundi ya moto mgongoni, nikalaza ngozi mbichi, nikaisukuma kwa dole gumba kutoka katikati kwenda kwenye ncha ili hewa itoke, kisha nikauzungushia upinde wote vipande vya mpira wa baiskeli. Ukitaka kubana kitu kilichopinda, mpira wa baiskeli unashinda chuma chochote. Siku zote ulipokuwa ukikauka nilikaa chini yake na ufagio. Paka walikuja kwa zamu, hawakuniona kama tatizo la kudumu.

Ulipokauka nikaufunga upote, yaani kamba yake, nikauvuta taratibu. Haukulia. Nikauvuta mpaka sikioni. Kimya. Nikapiga mshale uani, na Papa Donatien alikuwa na haki: mshale ulikwenda polepole kiasi kwamba ungeweza kuusalimia ukipita. Ulifika hatua ishirini na tano, siku ya upepo mzuri ishirini na nane.

Mama Véronique alifanya mazoezi depo, akipiga magunia matupu. Aliwahi kupiga gunia lililojaa, akaamua hilo ndilo litakalouzwa kwanza.

Siku ya karamu, misa ilikuwa ndefu na watu walitoka na njaa. Uwanja ulikuwa wa nyasi kavu. Sufuria za bukari, ugali wetu, na za nyama zilipangwa upande mmoja, zimefunikwa, na mama watatu wakubwa wamekaa mbele wakizilinda. Papa Donatien alipima hatua thelathini mwenyewe. Mnakumbuka nimesema ni mtu mrefu. Mama Véronique aliziangalia zile hatua, akachukua upinde. Paka wawili nisiowajua walikuwa wamekaa karibu naye.

Mimi nilisimama pembeni, nikitazama tu mahali pamoja pa upinde, urefu wa kidole kimoja. Alivuta. Mikono iliyobeba magunia miaka yote ile ilivuta kamba kupita sikio, zaidi ya nilivyowahi kuvuta mimi, nami nikafumba macho. Nilisikia kamba tu. Nilipofumbua, upinde ulikuwa mzima na mshale ulikuwa hewani, ukitikisa mkia, bila haraka. Watu waliufuata kwa vichwa. Ulishuka hatua mbili kabla ya mgomba, ukapiga nyasi, ukateleza juu ya tumbo lake, ukasimama ncha ikiwa kwenye mguu wa shina.

Watu walinyoosha shingo kuona. Kisha mtu mmoja akasema umefika, mwingine akasema haukufika, umeteleza, na ndani ya dakika moja uwanja ulikuwa umegawanyika. Wengine walidai mshale lazima uchome. Wengine waliuliza ni wapi palipoandikwa uchome. Mmoja alisema imeandikwa kwenye kile kitabu, akaambiwa aende akawaulize mchwa. Mmoja wa mama wa sufuria aliinua kifuniko kidogo kuona kama nyama inapoa, na mvuke ule ukaongeza ugomvi.

Wote wakamgeukia katibu.

Papa Donatien alitembea hadi kwenye mgomba. Alipiga magoti na koti lake, akatoa karatasi mfukoni, akajaribu kuipitisha kati ya ncha na shina. Haikupita. Akajaribu upande wa pili. Nilimwona, na najua alikuwa anaitaka ile nafasi kuliko kitu kingine chochote mwaka ule. Neno moja tu lingetosha.

Akainuka, akapangusa magoti.

"Miaka yangu yote ku reli," akasema, "treni ilikuwa inafika siku mbili nyuma ya saa yake. Tulikuwa tunafungua milango, bantu banashuka. Hatukuambia hata mutu moya arudie kwenye ametoka. Imefika."

Sufuria zikafunuliwa. Alipopita karibu nami na sahani yake, aliuomba upinde, akaunusa mgongo, akanirudishia haraka. "Bandeji iko na nguvu," akasema, akaenda kula. Katika kitabu kipya aliandika tu kwamba mshale ulifika, bila kuandika kwa njia gani.

Mama Véronique aliupiga upinde huo kila karamu baada ya hapo. Alichaguliwa tena, na safari hii wanaume hawakuwa na mgombea. Muzee Ramazani alifariki katikati ya miaka hiyo. Tulimzika siku ile ile aliyofariki kama desturi yao, na jeneza walilombebea lilikuwa la msikiti, bila kipande cha ngozi. Nafikiri angesema limelegea.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Mama Véronique aliuleta upinde. Ngozi ilikuwa imeanza kuachia nchani. Nikaona niibandue yote kwa mvuke na kuipaka gundi upya. Ilipotoka, nikauona mti. Pale nilipokata nyuzi ulikuwa umepasuka. Ufa ulikuwa wa zamani, umeshaingia vumbi na weusi, urefu wa kiganja kizima na kina cha kutosha kuingiza ukucha. Pengine ulipasuka karamu ya kwanza, pengine ya pili. Ngozi iliushika bila kuonyesha kitu.

Nikamwita aone. Aliingiza ukucha, akautoa.

"Mama," nikamwambia, "nitakutengenezea ingine. Sasa najua. Itakuwa muzuri kupita hii."

"Hii njo iko muzuri," akasema. "Ilivunjika na haikuambia mutu." Akafikiri kidogo. "Na haikuvunjika mbele ya bantu. Ilivunjika ndani ya ngozi. Hata Donatien mwenyewe ataandika vile."

Akakaa kwenye benchi akingoja gundi ichemke. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho mliyoniona nikiifanya, na mlikimbia wote kwa sababu ya harufu, ndiyo maana hamkuona kilichokuwa chini. Upinde uko depo, umetundikwa juu ya mizani. Siku moja atawaletea ninyi. Mbadilishieni kamba, pakeni mafuta kidogo, mkaze ncha kama zimelegea. Ngozi msiibandue ili kuona. Mimi nimeshaona kwa niaba yenu.